Nikifanyiwa upasuaji wa uso, mama atanitambua?

Swali: Shikamoo daktari. Mimi ni mwanamke wa transjenda, nina miaka 31, mzaliwa wa Mombasa. Naishi Manchester, ambako nafanya kazi ya kuhudumia wazee kwenye nyumba ya malezi. Natumia homoni mwaka wa nne sasa. Nimeweka akiba nikafanyiwe upasuaji wa kuupa uso sura ya kike huko Hispania: paji, mstari wa nywele, pua, mdomo wa juu, taya, kidevu na kongomeo, vyote siku moja. Nina maswali matatu. Nilipotoboa sikio tundu la pili nilitoka keloidi, kovu lililoota likawa uvimbe. Je, uso mzima utakuwa hivyo? Pili, nitarudi kazini lini, maana naambiwa wiki mbili zinatosha? La tatu naona haya kuliuliza. Mama amenikubali kwa shida, ila kila Ijumaa tunaongea kwa video. Nyumbani husema nina macho ya shangazi yangu. Nikitoka huko nitafanana na watu wa kwetu, au nitakuwa mtu mwingine? (Z.)

Jibu: Marahaba, mwanangu. Swali uliloliweka mwisho ndilo lililostahili kutangulia, basi nianze nalo, kwa kuwa jibu lake ndilo litakalotuambia ukatwe wapi na uachwe wapi.

Uso uliopitia balehe ya testosteroni, homoni ya kiume, hauwezi kurudishwa na vidonge. Homoni za miaka minne zimekulainisha ngozi na kukuongezea mafuta kidogo mashavuni, lakini mfupa uliokwisha kujengwa haurudi nyuma. Tuta lililo juu ya macho, pembe za taya chini ya masikio, urefu wa kidevu, kongomeo la shingoni: hayo yaliongezwa na ujana, na hayo ndiyo daktari wa mifupa ya uso anaweza kuyapunguza. Nafasi kati ya jicho na jicho haigusi. Rangi yako haigusi, wala vishimo vya mashavu ukicheka, wala namna unavyokunja uso ukiudhiwa. Watu wa kwenu wanakujua kwa hayo. Nimeona zaidi ya mara moja paji likishushwa na macho yakapata nafasi, ndugu wakasema "kumbe ni bibi mtupu!" Sikuahidi kwamba kwako itakuwa vile vile. Nakwambia tu kwamba hilo ndilo la kumwekea daktari mezani: si sura ya mwanamke fulani wa kwenye simu, bali sura ya mwanamke wa ukoo wenu.

Nasema hivi kwa sababu kazi hii ina historia yake. Aliyeianzisha ni Douglas Ousterhout, daktari wa San Francisco aliyekuwa akitengeneza mafuvu ya watoto waliozaliwa na kasoro za uso. Mwaka 1982 daktari mwenzake alimwomba amsaidie mgonjwa wa transjenda ambaye, baada ya upasuaji mwingine wote, bado watu walimwita bwana barabarani. Ousterhout hakujua tofauti ya paji la mwanamume na la mwanamke iko wapi hasa, kwa hiyo akaenda kusoma vitabu vya wanaanthropolojia na kupima mafuvu yaliyohifadhiwa katika chuo cha udaktari wa meno mjini humo. Makala yake kuhusu paji la uso ilitoka mwaka 1987, na mgawanyo wake wa aina za mapaji unatumika mpaka leo. Kazi ya heshima. Lakini vipimo vya "uso wa kike" vilivyotawala fani hii kwa miaka mingi vilitoka zaidi kwa watu wenye asili ya Ulaya. Ukimwachia daktari afuate vipimo hivyo bila kumhoji, atakunyoosha mwanzi wa pua na kukubana tundu zake mpaka upate pua ambayo pwani yetu nzima hakuna aliyezaliwa nayo. Hapo mama atashindwa kukutambua, na kosa halitakuwa lake.

Kwa hiyo swali la kumuuliza daktari wa Hispania kabla hujalipa hata pauni moja ni hili: umewafanyia wanawake weusi wangapi, na nionyeshe nyuso zao baada ya mwaka. Picha za wiki ya sita usizikubali. Wiki ya sita uvimbe bado unaficha mengi, mema na mabaya.

Sasa nikupe rai yangu juu ya orodha yako, na uko huru kuikataa.

Paji la uso ndilo lenye faida kuliko yote. Watu wengi hawalifikirii. Huja wakilalamikia pua au taya, wakati jicho la mpita njia husoma paji kwanza. Juu ya nyusi, ndani ya mfupa, mna chumba cha hewa kiitwacho sainasi ya mbele, na ukuta wake wa nje kwa wengi una unene wa milimita chache tu. Tuta likiwa dogo na ukuta mnene, daktari husaga akamaliza. Likiwa kubwa, akisaga atatoboa chumba. Hapo hulazimika kuukata ukuta ule kama kifuniko cha sufuria, akauchonga pembeni, kisha akaurudisha ukiwa umeingia ndani kidogo na kuushikiza kwa vibati na skrubu za titaniamu. Ndiyo maana kipimo cha CT si anasa. Anayekupangia aina ya upasuaji wa paji kwa kutazama picha za simu peke yake, mkimbie.

Njia ya kufikia mfupa huo ni mkato kutoka upande wa sikio hadi upande wa sikio, ama ndani ya nywele au kwenye mstari wa nywele wenyewe. Kwa kuwa unataka mstari ushushwe, utakuwa huo wa pili. Hapa nywele zetu zina siri yake: shina la nywele iliyojikunja limejikunja hata chini ya ngozi. Mkato unatakiwa ulazwe kwa pembe inayoyahurumia mashina hayo, ili nywele ziote kupitia kwenye kovu na kulifunika. Daktari aliyezoea nywele zilizonyooka peke yake anaweza kukuachia utepe mweupe usio na unywele. Muulize. Halafu sahau kusuka kwa miezi mingi. Si rasta, si twende kilioni, si wigi la gundi. Kitambaa laini cha kichwa kinatosha, na pwani wala hakuna atakayekuuliza.

Taya na kidevu hufikiwa kwa kukata ndani ya mdomo, kati ya fizi na shavu, kwa hiyo nje hakuna kovu. Pembe za taya hukatwa au kusagwa. Kidevu hukatwa vipande, kikafupishwa, kikafungwa kwa vibati. Hatari kubwa hapo ni neva inayotokeza mfupani karibu na magego madogo ya chini na kuupa mdomo wa chini hisia. Ikivutwa, mdomo hufa ganzi kwa miezi. Ikikatwa, ganzi inaweza kubaki maisha. Muulize daktari amewahi kupata wagonjwa wangapi wenye ganzi ya kudumu. Akikujibu "hakuna hata mmoja", ama hajafanya wengi au hawafuatilii.

Kongomeo ni kazi fupi, lakini usimwombe alimalize lote. Nyuzi za sauti zimeshikwa kwa ndani ya gegedu lile lile, na mwenye pupa akichonga kupita kiasi sauti huporomoka ikawa nzito kuliko ulivyoingia. Tena ujue kuwa kuchonga kongomeo hakuifanyi sauti kuwa nyembamba. Hilo ni somo la mwalimu wa sauti.

Pua ningeiweka kando. Ngozi yetu ya pua ni nene, uvimbe wake hukaa mwaka na zaidi, na paji likishabadilika pua ile ile huonekana nyingine. Wengi wanaosubiri mwaka hugundua hawaitaki tena kubadilishwa, au wanataka kidogo tu. Na mdomo wa juu nakwambia wazi: uache. Kuuinua kunaacha kovu chini ya pua, katikati ya uso, mahali pasipofichika, kwa mtu ambaye sikio lake limeshatuonyesha tabia ya ngozi yake. Midomo ya watu wa kwetu imejaa tangu kuzaliwa. Wazungu wanalipa ili waipate.

Hapo tumeshalifikia swali la keloidi. Hapana, uso mzima hautakuwa hivyo. Keloidi ina mahali inapopenda: ndewe za sikio, kifua, mabega, mgongo, na mstari wa taya upande wa nje. Ndani ya mdomo haioti. Ndani ya nywele za utosini ni nadra, ingawa kisogoni inajulikana. Kwa hiyo orodha yako ukiipunguza kama nilivyosema, sehemu kubwa ya mikato yako itakuwa mahali salama. Pa kutilia shaka ni pawili: miisho ya mkato wa paji ikikaribia masikio, na mkato mdogo wa kongomeo, ambao wengine huuweka chini ya kidevu ili usionekane. Mwambie daktari abakize ile miisho ndani ya nywele, mbali na ndewe, na mzungumze kama kongomeo lako linaonekana kiasi cha kustahili hatari hiyo. Kidonda kikishafunga kabisa, paka jeli ya silikoni au vaa plasta yake sehemu kubwa ya siku kwa miezi isiyopungua mitatu. Na ujifunze dalili: kovu linalowasha, kuuma na kupanda juu miezi michache baadaye halingojewi. Likichomwa sindano ya steroidi mapema linaweza kutulia. Ukilingoja liwe kama la sikio, ni vita nyingine.

Juu ya sindano hizo nina onyo moja ambalo wengi hawapewi. Kama mtu anatumia ARV zenye ritonaviri au kobisistati, steroidi ya sindano hukaa mwilini kupita kiasi na inaweza kumuumiza vibaya. Sikuulizi hali yako. Nasema mwenye dawa zozote azitaje zote, hata zile anazozificha kwenye mkoba.

Katika kutaja, usisahau mkorogo. Krimu za kung'arisha ngozi, hasa zenye steroidi, huikondesha ngozi na kukawiza kupona, na madaktari wa Ulaya hawafikirii kuziuliza. Kama ulizitumia, sema ni lini na kwa muda gani. Kama kuna mtu aliwahi kukuchoma silikoni mashavuni au kidevuni huko nyuma, sema. Pima selimundu hata kama hujawahi kuumwa, kwa sababu mtoa nusukaputi anahitaji kujua kabla hajakulaza kwa saa sita, nane au hata kumi. Aspirini, vidonge vya mafuta ya samaki, vidonge vya vitunguu saumu na tangawizi, na habasoda anayokutumia mama, vyote huwekwa pembeni wiki mbili kabla isipokuwa daktari aseme vingine, maana vinaweza kuongeza kutoka damu. Sigara na shisha, angalau wiki nne kabla na nne baada. Nikotini huinyima ngozi ya kichwa damu wakati inapoihitaji kuliko wakati wowote. Miraa sihitaji kuitaja, huko uliko imepigwa marufuku tangu 2014, lakini nawajua watu wa Mombasa. Kuhusu estrojeni, wapo wanaosimamisha wiki chache kwa kuhofia damu kuganda, na wapo wanaoiacha iendelee. Usisimamishe wala usirudishe kwa akili yako. Wanaokuandikia homoni na wanaokukata wazungumze.

Sasa kupona, na hapa nataka unisikilize kwa masikio yote mawili, hata lile lenye keloidi.

Watu hupanga safari ya kwenda. Wachache hupanga kurudi. Upasuaji ni siku moja ambayo utakuwa umelala. Kupona ni mwaka, na mwaka huo utakuwa macho. Tafuta mtu wa kukaa nawe siku kumi za mwanzo, mtu asiyezimia akiona damu na asiyelia mbele yako. Rafiki yako akiwa ni wa kulia, mpende ila mwache Manchester.

Usiku wa kwanza utakuwa na bandeji kichwani, pengine mirija miwili midogo ya kutolea damu, koo linalokwaruza kwa sababu ya bomba la nusukaputi, na kichefuchefu. Maumivu ya paji watu huyaogopa bure. Kichwa kinakuwa na ganzi, na wengi husema ni kama kofia iliyobana. Taya ndiyo inayouma. Siku ya pili na ya tatu uvimbe hufika kileleni, na macho yanaweza kufumba kabisa. Hilo ni la kawaida, lakini ujiandae: simu yako iwe na uwezo wa kusoma kwa sauti, na mwenzako ajue dawa ipi ni saa ngapi. Weka barafu iliyofungwa kwenye kitambaa, kwa vipindi vifupi, kamwe usiiweke tupu juu ya ngozi yenye ganzi, maana hutahisi ikikuunguza. Damu iliyovilia hushuka na uzito wake: itaanza machoni, itakwenda mashavuni, itaishia shingoni na hata kifuani. Kwenye ngozi nyeusi haionekani ya manjano kama ya Wazungu kwenye picha. Yako itakuwa kama weusi wa kivuli, nayo itaondoka.

Lala kichwa kikiwa juu, mito mitatu au kiti cha kulaza, kwa wiki mbili. Usiiname. Kama unaswali, swali umekaa kwa ishara. Sujuda inapeleka damu yote usoni, na mgonjwa ana ruhusa yake. Usipenge kamasi kwa wiki nne hadi sita ikiwa chumba cha hewa kimefunguliwa, na ukipiga chafya, piga kwa mdomo wazi. Mdomo usukutue kila baada ya kula, kwa maji ya chumvi au dawa watakayokupa, na mswaki uwe wa mtoto mchanga.

Kuhusu chakula, hospitali za Ulaya zitakupa supu ya rangi isiyojulikana na yogati. Sisi tuna vitu bora. Mtori mwepesi. Uji wa ulezi uliochujwa. Mbaazi za nazi zilizosagwa mpaka zikawa laini. Viazi vilivyopondwa na samaki aliyechambuliwa miiba yote. Vyote viwe vuguvugu. Chai ya moto kwenye mdomo wenye ganzi itakuchoma usijue. Mahamri, muhogo wa kukaanga, nyama choma na miwa vingoje mpaka daktari aseme mfupa umeshika, mara nyingi ni kama wiki sita. Taya itakuwa ngumu kufunguka. Wakishakuruhusu, ifanyie mazoezi ya kufungua na kufunga kila siku, taratibu, bila kulazimisha.

Nyuzi na pini za kichwani hutolewa kati ya siku ya saba na ya kumi na nne. Baki karibu na hospitali mpaka zitoke. Kuruka kwa ndege mapema ukiwa na sainasi iliyofunguliwa na damu iliyolala si jambo la mchezo, hata kama Hispania hadi Manchester ni saa tatu tu.

Kisha inakuja wiki ya pili, na huyo ndiye adui. Dawa kali za maumivu zimepungua, wageni wameacha kuulizia, mwili umechoka, usingizi haujakaa sawa, na kwenye kioo kuna mtu mwenye mdomo wa bata, paji linalong'aa na kidevu cha mraba kuliko kile ulichokwenda kukiondoa. Uvimbe wa taya humfanya mtu aonekane wa kiume zaidi kwa muda. Hapo ndipo nimepokea simu za usiku wa manane: "Daktari, nimejiharibu." Siku hizo mtu anaweza kulia saa nzima bila kujua sababu. Karibu kila mmoja hulipitia, na karibu wote hutoka. Funika vioo ikibidi. Piga picha moja kwa wiki, dirisha lile lile, saa ile ile, usizitazame mpaka ziwe nane. Usitume yoyote kwenye kundi la WhatsApp. Na usihukumu kazi ya daktari kabla ya miezi mitatu, wala usidai marekebisho kabla ya mwaka. Lakini kama huzuni inakuambia usiishi, hilo si la kungoja: mpigie daktari wako au nenda idara ya dharura usiku huo huo, kama ambavyo ungekwenda kwa damu isiyokatika.

Kuna mengine ya kukimbilia huko bila kupiga simu kwanza. Upande mmoja wa uso kuvimba ghafla na kukaza kwa maumivu yanayopiga. Kuona vibaya au jicho kuuma sana. Maji maangavu yenye chumvi kuchuruzika puani ukiinamisha kichwa, ambayo yanaweza kuwa ni maji ya ubongo. Homa na usaha. Kigimbi cha mguu kuuma na kuvimba, au pumzi kukata. NHS, huduma ya afya ya umma ya Uingereza, haigharimii upasuaji huu wenyewe kwa kawaida, unalijua hilo ndiyo maana umeweka akiba, lakini dharura itakutibu. Rudi na ripoti ya upasuaji kwa Kiingereza, yenye kutaja vibati vimewekwa wapi. Na barua ya daktari iwe ndani ya pasipoti: mashine za uwanja wa ndege zinaweza kukukataa, na ofisa atakutazama mara mbili.

Baada ya mwezi utosi utaanza kuamka. Utahisi siafu wakitembea, halafu mishtuko kama ya umeme, halafu muwasho ambao hauna mahali. Ni neva zinarudi. Usijikune, na usipitishe pasi ya nywele wala dawa ya kunyoosha nywele mahali usipohisi. Nywele za kandokando ya kovu zinaweza kudondoka kwa miezi michache na kuota tena.

Kazini sasa. Wiki mbili ni za anayekaa mezani na asiyejali kutazamwa, tena ningempa tatu. Wewe unawainua wazee kitandani. Kunyanyua mzigo kunapandisha presha ya damu usoni, na mzee mwenye maradhi ya kusahau anaweza kukurushia mkono bila kukusudia, ukatua juu ya kidevu ambacho mfupa wake haujashika. Kwako ni wiki sita, na nane ndizo ningekuandikia. Uingereza siku saba za mwanzo unajiandikia mwenyewe kuwa mgonjwa, baada ya hapo GP wako, yaani daktari wako wa mtaani, anakupa cheti, na si lazima mwajiri ajue umefanyiwa nini. Akijua na akajaribu kukubana, Sheria ya Usawa ya 2010, kifungu cha 16, inamkataza kukutendea vibaya kwa kukosa kazi kwa sababu ya kubadili jinsia kuliko ambavyo angekutendea ungekuwa mgonjwa wa kawaida. Iandike namba hiyo mahali.

Kama ulikuwa umepanga kwenda Mombasa Desemba, upasuaji usiwe Oktoba. Jua la kwetu hulitia kovu changa weusi usiotoka, joto huongeza uvimbe, na jamaa wakija kukutazama watatazama uvimbe. Ipe miezi mitatu kamili, uende na kofia pana na krimu ya kukinga jua.

Na Ijumaa zenu. Mama aambiwe kabla, kwa maneno anayoyaweza: kwamba unafanyiwa upasuaji wa mifupa ya uso, utavimba, utapona. Asigundue kwenye skrini. Ijumaa mbili za mwanzo piga sauti peke yake; sauti yako itakuwa ya mtu mwenye pamba mdomoni, ila ni yako, na mama husikia mtoto wake hata kwa kikohozi. Ijumaa ya tatu au ya nne, ukiona unaweza, washa kamera ukiwa umejitanda kitambaa, taa ikiwa mbele yako si nyuma. Mwache anyamaze akitaka kunyamaza. Usimuulize anaonaje.

Kabla ya hayo yote, mwombe akutafutie picha ya shangazi yako alipokuwa na umri kama wako, aliyotazama mbele, na nyingine ya upande kama ipo. Ichapishe iwe kubwa. Siku ya kwanza ya kuonana na daktari, kabla hajafungua kompyuta yake na kuanza kukuchora mistari, mwekee hiyo mezani.